Mwanangu anamaliza hesabu, kisha anachapwa kwa kukaa bure

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tanga, nakaanga vitumbua na maandazi barazani kwangu asubuhi na jioni. Niliishia darasa la saba. Nakuambia mapema ili usije ukaniandikia mambo makubwa makubwa nikashindwa kuyabeba.

Shida yangu ni mwanangu wa pili. Ana miaka saba na miezi minne, yuko darasa la pili katika shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Kusoma alijua akiwa na miaka minne na hakuna aliyemfundisha. Alianzia kwenye magazeti ninayofungia maandazi. Mteja amesimama anasubiri, yeye kashika karatasi anasoma habari za bei ya mkonge, ananiuliza, "Mama, tani ni kilo ngapi?" Nikamwambia elfu moja. Akanyamaza, kisha akaanza kunihesabia lori la baba yake linabeba sawa na viroba vingapi vya unga. Siku hizi ananipigia hesabu za biashara bila mimi kumwomba. Juzi kaniambia, "Mama, jana umejipunja, sukari imepanda na wewe umeuza bei ileile." Nikakaa kupiga mahesabu usiku, nikakuta kweli.

Shuleni mambo ni mengine. Darasa lao lina watoto 112. Mwalimu akiandika hesabu kumi ubaoni, yeye anamaliza ya mwisho na chaki haijawekwa chini. Baada ya hapo anaanza kuzunguka, anawachungulia wenzake, anaimba, anachora samaki kwenye jalada la daftari. Anachapwa. Mwandiko wake nao mbaya, kama kuku kaparura. Nilipoitwa kikao cha wazazi mwalimu aliniambia mbele ya watu, "Mama, huyu wako ni mtundu tu, angekuwa na akili angeandika vizuri." Wenzangu wakacheka. Mimi nikainama.

Sasa mwezi uliopita mwalimu alikuwa anataja majina ya samaki: changu, kibua, papa, nyangumi. Mwanangu akasimama, "Mwalimu umekosea, nyangumi si samaki, anazaa na ananyonyesha." Alichapwa viboko sita vya mikononi kwa kukosa adabu. Aliporudi hakulia. Alikaa jikoni akaniuliza, "Mama, kama nyangumi si samaki kwa sababu anazaa, mbona silikanti anazaa na anaitwa samaki?" Silikanti, samaki wa bahari yetu hapa, kaambiwa habari zake na mjomba wake, mvuvi, na tangu hapo ndiyo habari yake asubuhi na jioni. Nilishindwa kumjibu.

Toka siku ile kila Jumatatu tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi.

Kila mtu ana lake. Mume wangu, dereva wa lori, anasema nisimvimbishe kichwa mtoto, ataharibika. Mama mkwe anasema tumfiche, macho ya watu mabaya. Wifi yangu anataka tukope tumpeleke shule ya Kiingereza. Jirani anasema tuombe arushwe darasa, aingie la nne moja kwa moja. Mimi nataka kwenda kuongea na mwalimu, lakini nikifika getini miguu inaisha nguvu. Nitamwambia nini mtu aliyesoma? Na je, ni haki yangu kuomba chochote, au nitaonekana najidai?

Mama Vitumbua, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla ya yote, tumbo. Mpeleke zahanati apimwe, choo na mkojo. Mimi pia naona Jumatatu ile inasema kitu, lakini minyoo nayo haijui kalenda. Ukishapata majibu safi ndipo uamini kwamba kinachouma ni shule.

Sasa nikuungamie jambo. Nimefundisha shule za msingi miaka 31, na mtoto wa namna ya wako nilimpata mapema, nikiwa bado kijana mwenye haraka zangu. Alikuwa msichana. Alikuwa akimaliza kazi kabla ya wenzake, nami nikaona nimepata tarishi: kalete chaki, kamwite mwalimu wa zamu, kachote maji, kusanya madaftari. Nilidhani nampa heshima. Mwaka wa pili nikaona ameanza kuandika polepole. Kamaliza kichwani, lakini mkono anauvuta, amalize pamoja na watu asitumwe. Alipofika la saba alikuwa mtoto wa kawaida kabisa, na ofisini tukasema akili zake zimeisha. Hazikuisha. Tulimfundisha kuzificha, na katika somo hilo alikuwa mwanafunzi mzuri, akafuzu.

Ndiyo maana barua yako sikuiweka chini ya rundo. Mwanao bado anazunguka darasani na kuimba. Utundu huo unachosha, lakini mtoto anayezunguka bado anatafuta kitu. Akitulia ghafla, akawa mpole, ndipo uogope.

Je, kweli ana kipaji au ni mwepesi tu? Usihangaike kutafuta kipimo wala cheti. Kilichonishtua mimi hakikuwa kusoma na miaka minne, maana wapo wanaosoma mapema kisha wenzao wakawafikia. Ni lile swali la jikoni. Amechapwa mikono yote miwili, na kilichomkaa kichwani ni kwamba sababu aliyoitoa mwenyewe ina tundu. Watoto wengi hufurahia kujua jibu. Wako amelishika jibu lake, akaligeuza, akaliona lilipopasuka. Hilo halifundishwi kwa twisheni.

Mwandiko mbaya hauondoi hayo. Akili yake imekimbia mbele, vidole vina miaka saba. Watoto wa aina hii mara nyingi hukua hivyo, upande mmoja wa miaka kumi na mwingine wa umri wake, na mwalimu huuona upande ulioandikwa kwa sababu ndio anaousahihisha. Mpe unga akande, mpe udongo afinyange, mpe nyuzi apige mafundo ya nyavu na mjomba. Akifika la nne mkono bado umegoma, hapo tutazungumza habari nyingine.

Umeuliza kama ni haki yako. Ni haki ya mtoto, wewe ni mpeleka salamu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu ikuze nafsi ya mtoto, vipaji vyake na uwezo wake mpaka ufike mwisho wake. Serikali yetu yenyewe inalijua jambo hili: ndiyo maana tuna sekondari za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Tatizo ni kwamba milango hiyo inafunguliwa mtoto akishamaliza shule ya msingi. Kwa mwanao ni miaka minne kutoka sasa, na miaka minne inatosha sana kumfundisha mtoto kuvuta mkono.

Kuhusu viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Sita kwa ajili ya nyangumi haviingii popote hapo. Nakuambia ili ulijue na uinue kichwa ukipita getini. Lakini usiingie nalo kama panga mkononi siku ya kwanza. Mwalimu mwenye watoto 112, wakati kiwango cha Serikali ni 45, ni mtu anayezama, na anayezama ukimshtaki atakushika shingo. Vikirudiwa, hapo hatuombi tena, unakwenda kwa mwalimu mkuu na kanuni mdomoni.

Haya, safari yenyewe.

Wiki mbili kabla ya kwenda, chukua daftari la mia tano uandike tarehe na alichofanya. Usiandike "ana akili sana", maana kila mama anasema hivyo, na mimi nimeyasikia mpaka kwa watoto waliokuwa wanahesabu kwa vidole vya miguu. Andika: Jumanne kasoma ukurasa mzima wa gazeti, kauliza neno hili. Alhamisi kapiga hesabu ya sukari, hii hapa. Andika na ya shuleni kwa maneno yake mwenyewe: leo nilimaliza, nikakaa. Kuandika kwako kusikutie aibu. Darasa la saba ndilo linaloandika daftari la namna hii vizuri, maana halitii chumvi.

Usimvamie mwalimu asubuhi ya gwaride wala siku ya kikao. Umetukanwa mbele ya watu na najua inauma, ila ukimjibu mbele ya watu atalazimika kushinda. Mtumie mtoto na kikaratasi: naomba dakika kumi siku utakayopata nafasi. Nenda peke yako, au na baba yake kama lori halijaondoka. Mama mkwe na wifi wabaki nyumbani.

Ukifika, anza na nyangumi, na anza kwa kuomba radhi. Najua utanuna hapo. Mtoto hakukosea kuhusu nyangumi, alikosea namna ya kumwambia mtu mzima "umekosea" mbele ya darasa, na hilo ni letu sisi wazazi kulisahihisha. Sema: "Mwalimu, mwanangu alikusemesha vibaya, nimeshakaa naye, niwie radhi." Kisha nyamaza, uache liingie. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa vita, sasa hana mtu wa kupigana naye. Baada ya hapo fungua daftari, msomee mistari mitatu, si yote. Ndipo uombe.

Omba kitu kimoja. Huu ndio moyo wa barua yangu, na ndipo wazazi wengi wanapopotea. Wanakwenda wakisema "mumsaidie mtoto", "mumtazame zaidi", na mwalimu akisikia hivyo anasikia mzigo wa 113. Wewe mwombe kitu kisichomgharimu hata dakika: "Akimaliza kazi na ukaona amepata, naomba umruhusu atoe kitabu chake asome palepale alipokaa, au afanye hesabu za kitabu cha darasa la tatu. Kitabu nitamfungashia mimi." Basi. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu imeviweka mtandaoni katika maktaba yake, vinasomwa bure, na kijana yeyote wa stationery atakutolea kurasa chache kwa bei ya vitumbua viwili vitatu.

Akikubali, ongeza la pili dogo: daftari la maswali. Mtoto akiwa na swali au akiona kosa, aliandike badala ya kupaza sauti, na Ijumaa mwalimu atazame moja tu. Mwalimu anapata utulivu wake, mtoto anapata mtu wa kumsikiliza, na ule mwandiko wa kuku unapata sababu ya kunyooka, kwa kuwa anataka swali lake lisomeke.

Kuna jambo moja ulikatae kwa upole likitajwa. Mwalimu anaweza kusema, "Sawa, nitampa kundi awafundishe wenzake." Dakika kumi siku moja moja ni nzuri, zinamfundisha kueleza na kuvumilia. Kila siku, kila kipindi, hapana. Huyo ni tarishi wangu yuleyule, safari hii kapewa fimbo ya kuonyeshea ubao.

Mwambie mtarudi kuonana baada ya mwezi, na urudi kweli, hata kama hali ni nzuri. Hasa kama hali ni nzuri. Walimu tunaitwa kwa mabaya tu, mzazi aliyerudi kusema ahsante hatumsahau. Na pakiti ya maandazi haijawahi kuwa rushwa, ila peleka siku ya ahsante, si siku ya kuomba.

Akikataa kabisa, panda ngazi moja moja: mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni mzazi kama wewe. Afisa Elimu Kata ni wa mwisho. Kwa mwalimu wa taaluma unaweza kuomba jambo ambalo mwalimu wa darasa hana mamlaka nalo: kipindi cha hesabu peke yake akakae na darasa la tatu, vingine vyote abaki na wenzake. Linawezekana pale ratiba zinapolingana na madarasa yote yakiwa zamu ya asubuhi. Nimeliona likifanyika bila waraka wowote, kwa walimu wawili kukubaliana kwenye korido.

Hilo ni tofauti na kurushwa darasa. Sisemi ni haramu, wapo watoto limewafaa. Kwako sasa hivi nalikataa. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi imekuwa miaka sita. Ukimtoa la pili ukamtia la nne, mwaka uleule anakutana na upimaji wa kitaifa, wenye kuandika kwingi, na mkono wake ndio huo. Kisha anaingia kidato cha kwanza akiwa na miaka kumi na moja, labda bweni, chumba kimoja na wavulana wenye ndevu. Jirani yako hatakuwepo usiku huo.

Wifi yako ana nia njema. Darasa la watoto thelathini ni neema, sitakudanganya. Lakini kabla ya kukopa nenda uwaulize swali moja: mtoto akishajua mnachofundisha, mnamfanyia nini? Wakisema "tunampa mazoezi zaidi", wanataka kumpa hesabu ishirini za aina ileile badala ya kumi, na ada juu. Halafu kuna lugha. Mtoto ambaye furaha yake yote ni kuuliza atakaa miezi mingi bila maneno ya kuulizia. Kama fedha ingekuwepo ningesema mpime. Kwa mkopo, hapana.

Mumeo kasema msimvimbishe kichwa, na nusu ya maneno yake ni kweli. Msimsimamishe mbele ya wageni asome gazeti kama kasuku. Msimlinganishe na kaka yake, tafadhali, huyo ndiye atakayebeba jeraha ambalo hukuniandikia. Sifa mpe kwa alichohangaikia, usimpe kwa kilichomjia bure. Nusu ya pili ya maneno ya mumeo siikubali: kumpa mtoto chakula kinachomtosha si kumvimbisha. Na kama yuko barabarani siku tano, mwambie amletee mtoto namba: kilomita kutoka Korogwe, lita za dizeli, saa alizokaa mzani. Hapo baba naye kaingia shuleni bila kuvua kandambili.

Mama mkwe usimpinge. Mwambie tunamficha kwa kutomtangaza. Maneno yenu yamekutana hapo, hana sababu ya kukasirika.

Nyumbani una mali kuliko unavyodhani. Una biashara inayohitaji hesabu, basi mpe daftari la mauzo kabisa, liwe kazi yake. Una maktaba ya mkoa hapo Tanga mjini, mpeleke Jumamosi. Una mjomba mvuvi, na huyo ni profesa. Mwambie amchukue ufukweni boti zikirudi, wapime samaki, waandike urefu na uzito. Mnakaa pwani ambayo watu wa dunia nzima wanaijua kwa samaki mmoja! Wanasayansi walimjua silikanti kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini ametoweka zamani za dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Huko kwenu wavuvi wamekuwa wakimkuta nyavuni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 Serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mtoto anayemuwaza asubuhi na jioni hajapotea, yuko kwao.

Na mfundishe neno moja kabla hujaenda kwa mwalimu. Badala ya "umekosea", aseme: "Samahani mwalimu, naomba kuuliza, nyangumi naye ni samaki?" Maana ni ileile na mwalimu amebaki na heshima yake. Mweleze wazi kwamba hatumwambii anyamaze, tunampa mlango mwingine wa kuingilia. Watoto hawa hukataa amri isiyo na sababu, lakini mbinu huipenda.

Lile swali la jikoni mjibu hivi. Nyangumi hatolewi kwenye samaki kwa kuzaa. Anatolewa kwa sababu ananyonyesha, damu yake ni moto, na lazima apande juu kuvuta hewa kwa mapafu. Silikanti anazaa watoto hai, kweli, lakini hana maziwa na anapumua kwa matamvua ndani ya maji. Kwa hiyo alikuwa sahihi darasani, na alikuwa sahihi zaidi jikoni alipoona kuwa kuzaa peke yake hakutoshi.

Kisha mpe hili kutoka kwangu. Papa potwe, yule anayeonekana kule Mafia, ni mkubwa kuliko baadhi ya nyangumi, na naye huzaa watoto hai. Ni samaki au si samaki, na amejuaje? Aniandikie mwenyewe, kwa mwandiko wowote alionao.